Kipimo cha Mmoja, Majibu ya Ukoo

Mwaka 1886, katika mji wa Freiburg kusini-magharibi mwa Ujerumani, daktari aliyeitwa Felix Fränkel alichapisha habari za msichana wa miaka 18. Msichana huyo alikuwa akishikwa ghafla: moyo unamwenda mbio, kichwa kinamgonga, jasho la baridi linamtoka, hofu isiyo na sababu inamjaa. Kisha hali ile huondoka kama ilivyokuja. Alikufa. Maiti yake ilipochunguzwa, juu ya kila figo kulikutwa uvimbe, mmoja kulia na mwingine kushoto, kwenye zile tezi ndogo ziitwazo adrenali. Fränkel aliandika alichokiona, na makala yake ikaingia katika maktaba za tiba. Mwaka 1912 mwanapatholojia Ludwig Pick aliupa uvimbe wa aina hiyo jina linalotumika mpaka leo: feokromositoma.

Kwa zaidi ya miaka 100 makala ya Fränkel ilisomwa kama habari ya mtu mmoja mwenye ugonjwa adimu. Kumbe ilikuwa pia habari ya ukoo mzima, na ya aina moja ya saratani ya tezi ya shingo. Hakuna aliyeweza kuisoma hivyo, kwa sababu sehemu hiyo ya habari iliandikwa ndani ya seli, kwa herufi ambazo wakati ule hakuna binadamu aliyejua kuzisoma.

Tezi yenyewe ni thairoidi, ambayo vitabu vyetu vingine huiita dundumio. Ina umbo la kipepeo, imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kidoto. Wengi tunaijua kwa ubaya wake, pale inapovimba ikawa rovu, hasa katika maeneo ya milimani ambako udongo na chakula vina upungufu wa madini ya iodini. Rovu si saratani. Na saratani za tezi hii nazo si moja. Iliyo ya kawaida kuliko zote huitwa papilari, na wengi wanaoipata hupona. Lakini ipo nyingine, ni asilimia chache tu ya zote, ambayo kwa muda mrefu madaktari waliichanganya na wenzake. Mwaka 1959, huko Cleveland nchini Marekani, Hazard, Hawk na Crile waliitenga na kuieleza peke yake. Ikaitwa saratani ya medula.

Baada ya hapo vipande vya fumbo vikaanza kuokotwa, kila kimoja mahali pake. Mwaka 1961 daktari John Sipple wa Syracuse, jimbo la New York, alishiriki kuchunguza maiti ya mwanamume wa miaka 33. Alikuta feokromositoma pande zote mbili, na pia saratani kwenye thairoidi. Sipple hakuridhika kwamba mambo mawili adimu namna hii yamekutana kwa bahati ndani ya mtu mmoja. Alipekua maandishi ya wenzake akakuta wagonjwa wengine wenye jozi hiyohiyo. Mwaka 1966 Dillwyn Williams wa Uingereza alieleza kwamba saratani ya medula haitoki katika seli za kawaida za thairoidi, bali katika seli chache zilizotawanyika kati yake, ziitwazo seli C. Mwaka 1968 Steiner na wenzake waliandika kuhusu ukoo mmoja ambamo saratani hii na uvimbe wa adrenali vilishuka kutoka kizazi hadi kizazi. Kuanzia hapo ugonjwa ukawa na jina la kifamilia, na kwa kifupi chake cha Kiingereza huitwa MEN2.

Ulishuka kwa kanuni ngumu lakini rahisi kueleza. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anayezaliwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi, kama kurusha shilingi. Mvulana au msichana ni sawa. Shilingi hurushwa upya kwa kila mtoto, bila kujali ilianguka vipi kwa kaka yake. Katika familia za namna hii watu huona mpangilio kabla ya madaktari. Bibi alikufa na uvimbe shingoni, shangazi akafuata, sasa ni baba mdogo. Kwetu tungesema kuna laana ndani ya ukoo, na pengine tungeanza kutazamana vibaya kuhusu nani kaileta.

Sayansi ya miaka ya 1960 ilikuwa na jibu la nusu. Seli C hutoa homoni iitwayo kalsitonini, iliyogunduliwa na Harold Copp huko Vancouver, Kanada. Mwaka 1968 Tashjian na Melvin, waliokuwa Boston, walionyesha kwamba saratani ya medula hutoa homoni hii kwa wingi. Basi ikawezekana kuwafuatilia watoto wa familia hizo: mtoto anachomwa sindano ya dawa ya kuzichokoza seli C, kisha damu inachukuliwa ndani ya dakika chache na kupimwa. Dawa iliyotumika sana iliitwa pentagastrini. Ilimfanya mtu ahisi joto usoni, kichefuchefu, na kifua kubanwa kwa dakika moja au mbili. Dakika mbili si nyingi kwa mtu mzima anayejua kwa nini anateseka. Kwa mtoto anayerudishwa pale kila mwaka, akijua kitakachofuata, ni jambo jingine.

Kipimo hicho kiliokoa watu. Hata hivyo kilikuwa kikisubiri seli ziharibike ndipo kiseme, na wakati mwingine kilisema uongo. Mwaka 1994 Kees Lips na wenzake nchini Uholanzi walilinganisha majibu ya kalsitonini na majibu ya vinasaba katika familia walizozifuatilia kwa miaka. Walikuta makosa ya pande zote mbili. Walikuwapo vijana waliorithi ugonjwa ambao kalsitonini yao ilionekana ya kawaida, ilhali tezi zao zilipotolewa zilikutwa tayari na chembe za saratani. Na walikuwapo waliopasuliwa shingo na kuondolewa tezi kwa sababu homoni ilipanda kidogo, ilhali hawakuwa wamerithi chochote.

Ili kulinganisha hivyo, ilibidi kwanza mtu ajue ni wapi katika vinasaba pa kutazama. Historia ya kupajua hapo ina ajali ndani yake.

Njia ya kusoma mfuatano wa herufi za vinasaba iliyoenea duniani ilitolewa na Frederick Sanger wa Cambridge mwaka 1977. Herufi zenyewe ni nne tu, A, C, G na T, lakini katika mwanadamu zimepangwa kwa mfuatano wa bilioni tatu hivi. Kujua kusoma hakusaidii kama hujui ukurasa. Mwaka 1985, Boston, Masahide Takahashi na Geoffrey Cooper walikuwa wakiingiza vinasaba vya saratani ya binadamu ndani ya seli za panya ili kuona ni kipande gani kitazifanya zikue ovyo. Kipande kimoja kilifanya hivyo. Walipokichunguza, waligundua kwamba hakikuwa hivyo ndani ya saratani waliyoanza nayo: vipande viwili vilikatika na kuungana wakati wa jaribio lenyewe. Jeni waliyoikuta ikaitwa RET, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza yanayoeleza mpangilio uliovurugika wakati wa kuhamishwa. Jeni iliyokuja kutegua fumbo la ukoo wa Freiburg ilipatikana kwa sababu jaribio la jambo jingine lilikwenda mrama.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1987, makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba ugonjwa wa MEN2 umejificha mahali fulani kwenye kromosomu ya 10. RET ipo kwenye kromosomu ya 10. Bado ilichukua miaka sita kupunguza eneo, familia baada ya familia, mpaka mwaka 1993, ambapo kundi la Cambridge lililomjumuisha Lois Mulligan na Bruce Ponder, na kundi la Helen Donis-Keller huko St. Louis, Marekani, yalifika mahali pamoja. Kundi la Cambridge lilisoma RET katika familia 23. Katika familia 20 lilikuta herufi iliyobadilika, na 19 kati ya hizo zilibadilika katika neno lilelile la jeni.

Katika Kiswahili tunajua vizuri herufi moja inaweza kufanya nini. Mama kumpikia mtoto na mama kumpigia mtoto ni herufi moja tu. Katika RET, neno la 634 huandikwa TGC, na humwambia mtengenezaji wa protini aweke asidi amino iitwayo sisteini. Herufi ya kwanza ikiwa C badala ya T, sisteini haiwekwi, huwekwa kitu kingine. Protini ya RET ni kama kengele iliyofungwa kwenye ukuta wa seli. Mgeni anayestahili akija na kuibonyeza, huiambia seli ikue. Ndani ya protini hiyo sisteini hushikana mikono mbilimbili. Mmoja akikosekana, mwenzake hubaki na mkono mtupu, na mkono huo hudaka wa protini ya jirani. Protini mbili zikishikana namna hiyo, kengele hulia. Hulia usiku na mchana, bila mgeni, na seli C huitikia kwa kuzaana.

Kwa mara ya kwanza, basi, daktari angeweza kuchukua damu kidogo ya mtoto anayeruka kamba uwanjani, mzima kabisa, na kusema kwa hakika iliyokaribia kabisa: huyu atapata saratani, na huyu hatapata.

Samuel Wells, daktari wa upasuaji huko St. Louis, hakusubiri. Mwaka 1994 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 132 wa familia 7. Kati ya waliobainika kuwa na RET iliyobadilika, 13 waliondolewa thairoidi. Baadhi yao kipimo cha kalsitonini kilikuwa bado kinasema hawana tatizo. Hata hao, tezi zao zilipotazamwa kwa hadubini, seli C zilikuwa zimeshaanza kuzidi, na wengine walikuwa na saratani tayari.

Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa ufa haukuonekana kwa macho, na kuuziba kulitaka kumlaza mtoto mzima mezani na kumkata shingo. Tezi ikiondoka, kidonge cha homoni ya thairoidi humezwa kila siku maisha yote. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo zinazotunza kiwango cha kalsiamu mwilini, nazo zinaweza kuumia. Pembeni unapita mshipa wa fahamu wa sauti. Mzazi aliyeulizwa kuridhia haya aliulizwa kuamini herufi kuliko macho yake. Na mara nyingi alikuwa yeye aliyeipitisha herufi hiyo, na kovu lake mwenyewe shingoni.

Mwaka 2005 kundi hilo lilileta hesabu. Watu 50, wote wakiwa na miaka 19 au chini yake walipopasuliwa, walifuatiliwa kwa miaka mitano au zaidi. Kwa 44 kati yao hapakuonekana dalili yoyote ya saratani ya medula. Leo mwongozo wa madaktari wa thairoidi wa Marekani, wa mwaka 2015, hupanga umri wa upasuaji kwa kutazama neno lililobadilika. Badiliko la neno la 634: mtoto apasuliwe akiwa na miaka mitano au kabla. Badiliko la neno la 918, ambalo ni kali kuliko yote: ndani ya mwaka wa kwanza wa maisha. Mengine yanaweza kusubiri, kalsitonini ikiangaliwa. Sijui kama upo ugonjwa mwingine wa saratani ambamo kisu kinapangiwa tarehe kwa herufi moja namna hii.

Sehemu ya habari hii isiyosimuliwa sana ni ya upande wa pili wa shilingi. Nusu ya watoto wa familia hizi hawakurithi chochote. Kabla ya 1993 nao walichomwa pentagastrini kila mwaka, nao walikua wakipapasa shingo zao. Baada ya kipimo kimoja cha damu waliambiwa waende nyumbani, wasirudi tena, wala watoto wao hawatahitaji kuja.

Usomaji wa vinasaba umeingia pia katika tiba. Wagonjwa wengi wa saratani ya medula, kama robo tatu, hawana ugonjwa wa kurithi. Badiliko limetokea ndani ya uvimbe tu, na mara nyingi ni la RET vilevile. Ndiyo maana husomwa mara mbili: damu ili kujua kama ukoo umo hatarini, na uvimbe ili kujua dawa ipi itaufaa. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha selpercatinib, dawa iliyotengenezwa kuizima RET yenyewe, kwa wagonjwa ambao saratani yao imeshasambaa. Katika saratani ya papilari nako, tangu mwaka 2003 inajulikana kwamba jeni nyingine, BRAF, ndiyo hubadilika mara nyingi zaidi. Hata hivyo, BRAF iliyobadilika katika uvimbe wa papilari haisemi lolote kuhusu watoto wa mgonjwa. Jibu hilo linamhusu yeye na daktari wake. Jibu la RET katika damu ni la aina nyingine: anapimwa mtu mmoja, na wanaojibiwa ni watu wengi ambao hawakuuliza.

Jambo hilo lilifika mahakamani. Katika jimbo la Florida, mwanamke mmoja alitibiwa saratani ya medula mwaka 1987. Miaka mitatu baadaye binti yake mtu mzima akagundulika na ugonjwa huohuo, ukiwa umeshaendelea. Binti aliwashtaki madaktari wa mama yake. Hoja yake ilikuwa kwamba walijua, au walipaswa kujua, kuwa ugonjwa huu hurithiwa, na kwamba kama angeonywa mwaka ule angepimwa mapema. Madaktari walijibu kwamba binti hakuwa mgonjwa wao. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Florida iliamua kwamba wajibu wa daktari katika hali kama hiyo unawafikia watoto pia, lakini ikaongeza kwamba hatakiwi kuwasaka mmoja mmoja. Akimwonya mgonjwa wake, ametimiza. Kuwaambia wengine ni kazi ya mgonjwa.

Nadhani mahakama ilipanga mzigo mahali pake, na pia ikauacha mahali pagumu. Mama anayeuguza kovu lake ndiye anayepaswa kupiga simu. Amwambie dada ambaye hawajasemezana tangu mirathi. Amwambie kijana anayetaka kuoa mwezi ujao. Mashine husoma bila kusitasita, ila haiwezi kumpigia mtu simu kwa niaba ya ndugu yake.

Mwaka 2007 Hartmut Neumann wa Freiburg, pamoja na wenzake, waliirudia habari ya msichana wa Fränkel. Waliwafikia jamaa za ukoo wake, na katika ndugu wanne walio hai wakakuta RET iliyobadilika. Kwa hiyo msichana yule, aliyekuwa ameingia vitabuni kama mgonjwa wa kwanza wa feokromositoma, alikuwa na MEN2. Zilikuwa zimepita miaka 121. Katika muda wote huo herufi ileile ilikuwa ikinakiliwa kutoka kwa mzazi hadi mtoto, katika mji wenye chuo kikuu na hospitali na makala iliyochapishwa.

Mashine za kusoma vinasaba si ngeni Afrika Mashariki. Wakati wa janga la UVIKO-19 wanasayansi wa Kilifi walizitumia kuvisoma virusi vilivyokuwa vikizunguka Kenya. Kipimo cha RET kwa mgonjwa wa wilayani mwenye uvimbe shingoni ni suala jingine, la fedha na la umbali. Lakini hata huko St. Louis na Cambridge mashine haikuwa kipimo cha kwanza. Watafiti walizijua familia za kusoma kwa sababu mtu aliuliza swali, na mtu mwingine akajibu: nani kwenu amewahi kuugua hivi, na alikufa kwa nini?

Sisi tunazijua koo zetu. Tunaweza kumtaja babu wa babu, na shangazi aliyeolewa mbali, na nani ni binamu wa nani. Tusichokijua ni walikufa na nini. Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo kinapomuumbua sisi humfunika tena. Tangazo redioni husema marehemu amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, na watoto wake hukua na sentensi hiyo tu. Inasitiri, na kusitiri ni utu. Lakini baada ya arobaini, wageni wakishaondoka, watoto wanaweza kukalishwa chini wakaambiwa uvimbe ulianzia wapi, ukiwa na umri gani, na ni nani mwingine aliyekuwa nao. Hayo hayahitaji maabara, na siku kipimo kitakapowafikia, watajua ni nani wa kwanza kupimwa.